Mwache aitafute faili mwenyewe

Ukimfundisha mtu anayeanza kompyuta, usimchoshe na maelezo ya faili na folda. Mwambie aandike barua ya mistari miwili kwenye Word, kisha abonyeze F12 ili aihifadhi (laptopu nyingine hutaka Fn pamoja na F12). Dirisha litakalofunguka linataka mambo mawili: faili iitwe nini, na ikae wapi. Wengi hapo hubofya tu, kesho yake wanalia barua imepotea. Atengeneze folda, tuseme Barua, na jina la faili lianze na tarehe, mwaka ukitangulia: 2025-03-14 ombi la kazi. Zikipangwa kwa majina zitafuatana zenyewe. Mkwaju (/) asiuweke, Windows huukataa. Halafu afunge kila kitu aitafute. Wewe usiguse kipanya, hata akihangaika!