Maziwa ya ngamia: yachemshe, lakini mara moja tu

Jamani, mnaonunua maziwa ya ngamia pale Eastleigh, Nairobi, yale yanayosafirishwa usiku kutoka Isiolo, msiyanywe mabichi. Bruselosi, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, hupitia humo, na ile ladha ya moshi haiui vijidudu. Inatokana tu na chombo kufukizwa kwa kuni.

Yachemshe; yakishatokota vizuri, epua, funika. Usiyarudishe jikoni mara tatu kama chai ya msibani. Maziwa haya yana vitamini C takriban mara tatu ya maziwa ya ng'ombe, na vitamini hiyo huharibiwa na moto. Hiyo ndiyo hazina ya wafugaji wa nchi kame, ambako matunda na mboga ni adimu.

Mafuta yake huwa asilimia 2 hadi 4 hivi, kwa hiyo usishangae utando wa juu ukiwa mwembamba. Si lazima yametiwa maji.

Kama maziwa ya ng'ombe hukujaza gesi tumboni, anza na nusu kikombe. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, imo humu pia, karibu sawa na ya ng'ombe. Na mtoto chini ya mwaka mmoja, tafadhali, abaki na ya mama.