Kabla shule haijafunguliwa: maandalizi ya mtoto mwenye usonji, nyumbani na darasani

Januari ya Tanga huja na mambo matatu kwa mpigo: joto la kaskazi, sare mpya, na kengele ya shule baada ya wiki nyingi za likizo. Mtoto mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya azidiwe upesi na sauti, mwanga na mabadiliko, akitupiwa yote siku moja, getini atalala chini na kupiga mayowe, na hapo hakuna mtu atakayemtuliza kwa maneno. Kazi ya kumtuliza ianze wiki tatu kabla, na sehemu kubwa ni kazi ya mikono: kukata lebo, kupiga picha, kufunga komeo, kuonana na walimu.

Kwanza nyumba nzima ikubaliane, kuanzia baba hadi dada wa kazi, kwamba mtoto anayedeka na mtoto aliyezidiwa si hali moja. Anayedeka hukutazama kama unamwona, na akipewa anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa hata ukimpa haachi, kwa sababu mwili wake umeshajaa sauti, mwanga, joto na jasho. Pipi haimfai, na fimbo inamwongezea mzigo. Msipokubaliana hapa, mama atajenga na shangazi atabomoa.

Usingizi urudishwe mapema. Kama likizoni analala saa nne usiku, rudisha nyuma dakika kumi na tano kila baada ya siku mbili au tatu mpaka ifike saa mbili. Usijaribu kumaliza kwa usiku mmoja.

Sare mpya isivaliwe ikiwa mpya. Ifue mara tatu au nne mpaka ule ukakamavu wa dukani uishe, kata lebo zote hadi kwenye mshono, na soksi zigeuze ndani nje ili mshono wa vidoleni usimguse. Amvalishe mtu anayemwamini, nusu saa kwa siku, akiwa anacheza. Viatu vivyo hivyo.

Ratiba ya picha, yaani picha zinazomwonyesha mtoto mambo ya siku yake kwa mpangilio, wengi wanaijua na wengi wanaikosea. Usichukue vikatuni vya intaneti; mtoto wa miaka mitano hana sababu ya kujua kwamba kile kikombe cha kuchorwa ndicho kikombe chake. Piga picha kwa simu: kikombe chake, begi lake, bajaji inayomchukua, geti la shule yake, dawati lake. Zisafishe steshenari kwa ukubwa wa sentimita saba hivi kila upande na uzipitishe kwenye laminesheni, kwa kuwa hewa ya bahari hukunja karatasi tupu ndani ya wiki. Nyuma bandika velkro, ile ya viatu vya watoto. Anza na picha tatu au nne tu, zipangwe ubaoni kutoka juu kwenda chini, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Kila jambo likiisha, yeye mwenyewe anaibandua picha na kuitia kwenye kopo. Kuibandua ndiko kunakomwambia kwamba hili limekwisha, linakuja jingine. Ubao ukitundikwa juu kama kalenda, ukasomwa na watu wazima tu, ni pambo.

Na ratiba isidanganye. Dereva akibadilika, picha ibadilike usiku uleule. Weka kadi moja ya rangi kali, tuseme njano, yenye maana ya "leo kuna badiliko", na uizoeze kwa mabadiliko ya kufurahisha kwanza: badala ya uji leo ni maandazi. Ukiianza siku ya msiba au siku ya sindano, kadi yenyewe itakuwa kitisho.

Maneno "dakika tano zimebaki" hayamsaidii asiyejua saa. Tengeneza saa ya mchanga. Chukua chupa mbili za plastiki za nusu lita, gundisha vifuniko vyake mgongo kwa mgongo, toboa katikati kwa msumari wa moto tundu la milimita nne. Mchanga upitishe kwenye chujio la chai. Ukiwa ni wa ufukweni, uoshe kwa maji baridi ya bomba mara mbili tatu na uuanike juani mpaka ukauke kabisa. Chumvi ikibaki huvuta unyevu, mchanga unagandamana tunduni, na saa inasimama katikati mtoto akiwa anaitazama. Punguza au ongeza mchanga mpaka simu ikuonyeshe dakika tano. Mchanga ukiisha, lile ulilosema lifanyike. Ukiongeza "kidogo tu" mara mbili, saa haina kazi tena.

Kelele: nenda mkasikilize kengele ya shule mapema, hasa kama ni ringi ya gari inayogongwa kwa chuma. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza vizuia kelele vya kufunika masikio, vile vya mafundi wa mashine. Avizoee nyumbani dakika tano kwa siku akiwa ametulia, kisha avivae kwenye kengele, mstarini, na mvua ya masika inapopiga bati lisilo na dari. Asishinde navyo, masikio yakizoea ukimya wa kutwa, sauti ya kawaida huanza kuuma.

Kona ya utulivu haihitaji chumba. Mita moja na nusu kila upande inatosha, mbali na jiko na mlango wa nje: mkeka, mito miwili, kanga mbili za pazia, kitu kimoja au viwili anavyopenda kushika. Kwa mtoto wa kilo 20, mfuko wa mchele wa kilo moja mapajani kwa dakika kumi na tano huwatuliza baadhi yao. Usimwekee kifuani wala shingoni, usimlaze nao, na aweze kuutoa mwenyewe. Kosa kubwa ni kumpeleka huko kama adhabu. Ukimwambia mara moja tu "nenda kwenye kona yako!" kwa hasira, umeshaiharibu kona.

Sasa hili la maumivu, lisomeni taratibu, kwa sababu ndilo linalowatesa watoto na halimo kwenye orodha za watu wengi. Mambo huenda hivi. Mtoto wa miaka saba ametulia muhula mzima, ratiba anaifuata, mwalimu anamsifu. Wiki moja, bila sababu ya kuonekana, anaanza kujipiga shavu kwa kiganja. Wiki ya pili anagonga kichwa ukutani, hasa jioni. Shule inasema jeuri imerudi, anatolewa darasani na kukalishwa barazani. Nyumbani bibi anaona kuna jicho la mtu, mtoto anafukizwa. Harufu kali ni katika vitu vilivyomlemea tangu udogo wake, basi moshi unamzidisha. Mama anaongeza picha, anapunguza kelele, anaitandika kona upya, na hakuna kinachobadilika. Mwezi wa pili mtoto amekonda, na jibu la kila mtu ni kwamba watoto wa usonji huchagua chakula.

Dalili zilikuwa mkekani kila siku. Chapati anakula ya katikati, ukingo mgumu anauacha. Chai anaisubiri ipoe kabisa. Juisi ya baridi aliyokuwa akiililia, sasa akiionja anasukuma kikombe, na dakika moja baadaye ndipo anapojipiga, shavu lilelile la kushoto. Ni gego limeoza. Linang'olewa, kidonda kinapoa, na ukuta haugongwi tena. Miezi miwili mtoto ameitwa mkorofi, ametolewa darasani, amefukizwa, na jino lilikuwa likimuuma muda wote huo.

Kwa hiyo kanuni iwe hii: tabia mpya iliyoanza ghafla, au ya zamani iliyozidi ndani ya siku chache, ukague mwili kwanza. Watoto wengi wenye usonji hawaonyeshi maumivu kama wenzao. Huyu hatalia, hataelekeza kidole, mwingine hata anacheka. Tazama meno. Tazama masikio: anavuta sikio, analalia upande mmoja? Uliza choo: mtoto anayekula wali mweupe na chapati tu hufunga choo mara nyingi, na tumbo lililojaa humfanya ajikunje, akimbie, au apige wengine. Vua nguo uangalie upele wa joto na fangasi kiunoni na kwapani. Akiwa na homa, apimwe malaria. Kwa msichana mkubwa, hesabu siku za hedhi. Anapoduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa bila kusikia jina lake wala kuguswa, mpeleke hospitali aangaliwe kifafa, kwa kuwa mara nyingi huandamana na usonji. Na dawa za kifafa zisikatwe kienyeji.

Daftari ndilo linalofichua haya. Safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Pembeni andika saa, alichokula, choo, na usingizi wa jana. Wiki moja au mbili zinatosha kuona mpangilio ambao kichwa cha mtu aliyechoka hakiwezi kuuona.

Na kabla hajaumwa, mfundishe kufungua mdomo. Kila jioni baada ya mswaki, washa tochi ya simu, gusa meno kwa mgongo wa kijiko, hesabu mpaka tano kwa sauti, acha. Baada ya wiki hesabu mpaka kumi. Mtoto asiyezoea hili hulazimika kushikwa na watu wanne kwenye kiti cha daktari, na hatakisahau kiti hicho. Mkienda hospitali ya Bombo au kituo chochote, fikeni asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, na mweleze muuguzi wa mapokezi hali yake kabla hamjakaa.

Turudi shuleni. Mwone mwalimu mkuu kabla ya kufungua, uombe mtoto aingie darasani kukiwa kutupu, mara tatu ikiwezekana. Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja, upande mmoja. Mwenye wanafunzi themanini hasomi kurasa nne. Andika vitu anavyopenda, vinavyomzidi, dalili za mwanzo (anaziba masikio, anatembelea vidole, anarudia sentensi moja), la kufanya, na namba mbili za simu. Nakala apewe mwalimu wa darasa, dereva wa bajaji, na mwalimu wa zamu. Huyu wa zamu ndiye anayesahauliwa. Anabadilika kila wiki, ndiye mwenye mstari na kengele, na mara nyingi ndiye mwenye fimbo. Suala la fimbo mkubaliane waziwazi na kwa maandishi: mtoto huyu hachapwi, kwa sababu haunganishi kiboko cha saa nne na kosa la saa tatu, anachojifunza ni kuiogopa shule.

Dawati lake liwe karibu na mwalimu, mgongo ukutani, mbali na dirisha. Kama ana tabia ya kutoroka mbio, mbali na mlango pia. Awe na kadi ya kuomba mapumziko, aliyoizoea nyumbani akiwa ametulia. Kwa wiki mbili za kwanza kadi ikitolewa iheshimiwe kila mara, hata mwalimu akihisi anakwepa hesabu. Ikikataliwa mara mbili ataiacha na kurudia kupiga kelele, maana kelele haijawahi kukataliwa. Kabla ya mstari apewe kazi nzito ya mwili: abebe dumu la lita tatu, asukume madawati, afagie. Misuli ikifanya kazi, wengi wao hukaa wakatulia zaidi.

Akizidiwa hata hivyo, abaki mtu mzima mmoja. Wengine waondoke pamoja na simu zao, asirekodiwe. Ondoa vitu vigumu. Maneno yasizidi matatu: "Nipo. Uko salama." Usiulize maswali, usimlazimishe akutazame, usimmwagie maji, usimlaze kifudifudi ukamkandamiza, anaweza kukosa pumzi. Akishanyamaza mpe maji na nusu saa nzima kabla ya somo lolote.

Komeo la mlango wa nje likae juu, mita moja na nusu au zaidi, lakini kila mtu mzima alijue kwa ajili ya moto. Majirani, muuza duka na vijana wa bodaboda wa kijiweni wamjue kwa sura na wajue wampigie nani. Namba ya simu ishonwe ndani ya ukosi wa shati. Akitoweka, usianze na chumbani wala kwa shangazi. Anzeni na maji. Wengi wao huvutwa na maji bila kuijua hatari yake, na mji huu una visima, mitaro na ufukwe wote wa Raskazone.

Chakula cha shule kiwe kile anachokijua, kwenye chombo kilekile. Dawa usiifiche ndani ya chakula anachokipenda, akiigundua mara moja anaweza kukiacha chakula hicho moja kwa moja. Usimpe dawa ya mafua ili alale. Anayekuuzia tiba ya kuondoa usonji, iwe ya maji, ya unga au ya kuchanja, usimpe hela yako. Feni iwe na mbadala umeme ukikatika: beseni la maji, kitambaa chepesi, upande wa nyumba unaopata upepo. Mkisafiri kwenda Pangani au Muheza, bebeni ule ubao wa picha, vizuia kelele, maji na mto wake, na viwe kwenye mfuko wa mkononi, visifungwe juu ya gari.