Ukifunga kadisi, acha nafasi nyuma ya tundu la ndoano

Kwa mnaojifungia wenyewe nzi bandia wa kuvulia samaki, kama huyu wa kuiga kadisi (mdudu mwenye mabawa wa kando ya maji): kosa langu la mwaka mzima lilikuwa kujaza uzi hadi kwenye tundu la ndoano. Unafika Capri Point, Mwanza, jua linazama, samaki aina ya furu wanadonoa juu ya maji, na mshipi haupiti. Siku hizi naacha milimita 2 tupu kabla ya kuzungusha uzi mara ya kwanza, na sizigusi mpaka kichwa kiishe.

Halafu kuna suala la kuelea. Marekani hutumia nywele za elki, mnyama wa jamii ya kulungu, kwa sababu zina hewa ndani. Za mbuzi nimejaribu, zinalowa, zinazama. Chukua ndala iliyokwisha, kata ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti, ufunge uwe mwili. Huo hauzami ng'o. Juu yake laza nyoya la shingo la jogoo, ulikunje kama paa la nyumba, maana kadisi akitua mabawa hukaa hivyo.

Uzi wa cherehani unatosha. Kichwani weka tone la rangi ya kucha. Yangu ni ya mke wangu. Alipouliza nikasema naziba ndoo.