Usonji na ADHD ndani ya mtu mmoja: navyoishi navyo mimi fundi cherehani

Watu wakisikia usonji wanawaza mtoto asiyeongea, wakisikia ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia sehemu moja, wanawaza mtoto mtundu darasani, sasa wewe mtu mzima una cherehani yako na kodi unalipa ukisema unavyo vyote viwili utaambiwa unadeka. Usiumie sana, maana hata ule mwongozo wa Wamarekani wa kupima mambo ya akili, DSM, mpaka 2013 ulikuwa unakataza mtu mmoja kupewa majina yote mawili, ukishaandikiwa usonji basi ADHD huandikiwi.

Shida yenyewe ni kwamba hivi viwili havielewani. Usonji unataka leo iwe kama jana, ADHD jana imeshaichosha. Jumapili unapanga ratiba safi kabisa, ikifika Jumatano huitaki hata kuiona, unaiacha, alafu bila ratiba unachanganyikiwa mpaka unalala mchana na viatu.

Kwahiyo usipange ratiba, panga fremu. Kama fremu ya duka, yenyewe haihami ila mali ndani zinabadilika. Mimi asubuhi naoga, nakunywa chai, natoka, mpangilio huo hauguswi hata aje mgeni, ila kitafunwa nachagua kati ya chapati, mihogo na maandazi. Vitatu tu, ukinipa kumi nitasimama hapo mpaka chai ipoe. Kazini nako saa mbili mpaka saa nne ni kukata, lakini nguo ya nani naikata naamua palepale, kitambaa kilichonivutia ndo kinaanza, labda kama mwenyewe anakuja kuchukua kesho.

Hilo la kuchukua kesho lilinitoa jasho. Nilikuwa nakunja vitambaa vya wateja vizuri naweka kabatini, na kwangu kitu kikiingia kabatini ndo kimekufa, yani hakipo. Nguo ya sendoff ya dada mmoja niliikumbuka alipopiga simu kuuliza aje saa ngapi, na sherehe ni jioni yake. Nikaondoa milango ya kabati, nikafunga kamba ukutani, kila kitambaa kinaning'inia na karatasi ya siku ya kuchukua imebanwa na pini. Wiki mbili mambo safi, alafu nikaanza kuumwa kichwa, kumbe vitenge ishirini vya rangi zote vinanipigia kelele machoni kutwa nzima. Sahivi za wiki hii ndo zinaonekana, za wiki ijayo nazifunika na shuka nyeupe, Jumatatu nafunua. Ukiona mbinu ya mtandaoni imekushinda uliza hivyo hivyo, kati ya usonji na ADHD ni upande gani umelishwa na upi umeachwa na njaa.

Kelele ndo usizichukulie poa. Daladala ya asubuhi, konda anagonga bodi, spika iko chini ya siti yako, mtu kakuegemea, ukifika kazini umeshachoka kabla hujatia uzi kwenye sindano. Vaa vizibo vya masikio tangu kituoni, usisubiri uzidiwe, kaa dirishani, na kama unaweza toka nusu saa mapema. Dukani mimi naweka wimbo mmoja unajirudia mpaka jioni, majirani wamenizoea.

Mwili nao hautoi taarifa. Naweza kushona masaa sita sijala, sijanywa maji, na mkojo umenibana sijui. Nina alamu imeandikwa MKOJO, cheka tu. Mlio ubadilishe kila baada ya wiki mbili maana masikio yanauzoea, na simu iweke mbali uinuke kuizima.

Kwenye shughuli za ukoo omba kazi. Kukaa kwenye kiti cha plastiki unasalimiana na watu mia inaua, ila kukuna nazi au kuosha masufuria nyuma ya nyumba watu wanakusifia na hakuna anayekulazimisha umtazame usoni. Kesho yake usipange kitu chochote, hata kama unajisikia fresh, uchovu unakuja baadae.

Kuhusu vidonge, vya ADHD vipo, methylphenidate kwa mfano, vya kuondoa usonji hakuna, anayekuuzia anakuibia. Wenye vyote viwili wengi wanasimulia kwamba vidonge vikituliza ADHD usonji ndo unasikika zaidi, sauti na mwanga vinawasumbua kuliko mwanzo, kwahiyo ukianza andika kila siku umelala vipi, umekula nini, kelele umezionaje, daktari atakupunguzia au kukubadilishia. Kidonge cha rafiki usimeze. Muone daktari wa magonjwa ya akili, Muhimbili wapo, kwa wa Nairobi kuna Mathari, na ripoti za shule za zamani kama mama alizitunza nenda nazo, yale maneno ya mwalimu "anaweza ila hatulii" yanasaidia.

Halafu lebo za shingoni, toa zote leo. Usikate na mkasi, ile ncha inayobaki ndo inachoma kuliko lebo yenyewe, chukua wembe fumua uzi wake taratibu mpaka itoke nzima.