Kununua kompyuta ya mezani Kariakoo: soma namba kwanza, nembo baadaye

Mwongozo huu ni wa mashine ya kazi: stesheneri, ofisi ndogo, hesabu za duka. Nimeuandika baada ya kuzunguka Kariakoo na dada mmoja anayefungua stesheneri Mbagala, na mpangilio wake unafuata maswali aliyokuwa akiniuliza njiani. Wa magemu na wa kuhariri video, huu si wenu.

Hatua ya 1: Jua kazi yako

Kuchapa, kuprinti, kuskani, kujaza fomu za HESLB (mikopo ya wanafunzi) na BRELA (usajili wa biashara): RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 256 zinatosha. Twende.

Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa (ubongo wa kompyuta)

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, kwa hiyo nivumilie.

Winga (dalali wa madukani) atakushika mkono akuambie, "Bosi, hii Core i5, mashine ya kazi." Core i5 za Intel zimeanza kuuzwa mwaka 2009, kwa hiyo jina hilo peke yake halikuambii kitu. Dai namba kamili. Kwenye i5-8500, ziweke kando tarakimu tatu za mwisho. Kinachobaki ndicho kizazi. 8500 ni kizazi cha 8, 10500 cha 10, 12400 cha 12.

Kwa mtumba wa Intel, usishuke chini ya kizazi cha 8. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia hapo. Halafu kizazi hicho ndicho kilichoongeza koa (cores, sehemu za prosesa zinazogawana kazi): i5-7500 ina koa 4, i5-8500 ina 6. Hata i3-8100 ina koa 4, sawa na ile i5 ya kizazi kilichotangulia. Ndiyo maana nilimwambia dada aiache i7-7700 iliyokuwa inang'aa pale kaunta. Ina kasi, sikatai, lakini ni kizazi cha 7.

Fundi atakujibu, "Windows 11 naiingiza tu." Kweli, inaingia, njia zipo. Ila Microsoft haikuhakikishii masasisho kwenye mashine isiyokidhi vigezo, na wewe una stesheneri ambayo wateja wanachomeka flashi zao kutwa nzima. Mimi siwezi kumuuzia mtu shida hiyo.

Tazama na herufi ya mwisho. T, kama i5-8500T, ni prosesa ya umeme mdogo inayowekwa kwenye vile vikompyuta vidogo. Inafanya kazi, lakini usiilipie bei ya 8500 kavu. F, kama i5-12400F, haina grafiki ndani yake: bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi. Hiyo utakutana nayo kwenye mashine za kuunganishwa na fundi. Kwa prosesa za AMD, mshindani wa Intel, tafuta Ryzen za mfululizo wa 3000 kwenda juu, usijisumbue na za nyuma.

Sasa, usiamini stika. Stika ya i7 inanunuliwa na kubandikwa. Hata jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa. Iwashe upya uingie BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe inayokuja kabla ya Windows: Dell bonyeza F2, HP F10, Lenovo F1, gusagusa mara tu inapowaka. Humo utaona prosesa halisi, RAM na namba ya mashine. Ikidai nenosiri kabla ya kukuruhusu, mwambie muuzaji alitoe mbele yako. Mitumba hii mingi ilikuwa ya makampuni ya nje, na nenosiri lililoachwa na ofisi ya zamani litakukwamisha siku utakapotaka kubadili diski au kupiga Windows upya. "Hilo halina shida, bosi" si jibu. Kama hawezi kulitoa, hamia duka la pili.

Ukiwa bado umesimama kwenye Windows yao, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Hapo unaangalia TPM, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Unataka kuona 2.0. Isipoonekana kabisa, huenda imezimwa tu BIOS, kwa hiyo usiikatae mashine kabla ya kutazama huko.

Hatua ya 3: Nembo

Ya Dell, HP au Lenovo ya ofisini, zote ni imara. Kinachokusaidia ni kujua modeli inaangukia kizazi gani. Dell OptiPlex: 7050 ni ya kizazi cha 7, 7060 cha 8, 7070 cha 9. HP EliteDesk 800: G3 ni ya kizazi cha 7, G4 cha 8. Lenovo ThinkCentre: anzia M720, si M710. Mtego upo kwenye HP ProDesk 400, ambayo G4 yake ya boksi la kawaida bado ni kizazi cha 7. Hapo dai G5.

Mimi ni mtu wa OptiPlex, sifichi. Unaifungua bila kuhangaika na bisibisi, na ukiingiza Service Tag yake ya herufi na namba saba kwenye tovuti ya Dell unapata madereva yake yote (drivers, programu za kuendesha vifaa vyake). Ukipenda HP, sina ugomvi na wewe.

Mpya ya boksi ni nzuri kama mfuko unaruhusu. I3-12100 inamaliza kazi zote za stesheneri. Lakini soma ubavuni mwa boksi: ikiandikwa FreeDOS, maana yake haina Windows, na leseni utaitafuta mwenyewe.

Hatua ya 4: Diski, matundu, umeme

SSD ya GB 256 kuliko HDD (diski ya zamani ya kuzunguka) ya TB 1. Sijadiliani.

Geuza mashine utazame nyuma. Nyingi za mtumba zina matundu ya DisplayPort, na monita yako huenda ni ya VGA au HDMI. Dai adapta hapo hapo, ihesabiwe ndani ya bei. Pawasaplai zake pia si za kawaida: soketi ya kwenye mazabodi si ile ya pini 24, kwa hiyo ikiungua utahitaji ya modeli hiyo hiyo. Nunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Waranti

Ya kiwandani kwenye mtumba kwa kawaida imeshaisha, hivyo waranti yako ni duka. Iandikwe: muda gani, inahusu nini, na kama ni kubadilishiwa au kutengenezewa. Dai risiti ya EFD (mashine ya risiti ya TRA). Piga picha namba ya mashine kabla ya kulipa, iandikwe kwenye risiti, kisha ilinganishe tena na mashine uliyokabidhiwa kabla haijafungwa kwenye boksi. Ikienda "stoo kupakiwa", nenda nayo.