Oili ya kuanzia kwa injini iliyofungwa upya

Mteja akishanunua ringi za pistoni, metali (beringi za krenki) na gasketi, akishalipia na kazi ya bloku, hutaka kumalizia kwa heshima: anakuja na dumu la oili sintetiki, ile ya gharama kuliko zote. Huwa namwambia alirudishe nyumbani. Siku yake itafika, ila si leo.

Sababu iko kwenye kuta za silinda. Zimulike kwa tochi zikishahoniwa, yaani kusagwa kwa mawe maalumu, utaona mikwaruzo myembamba ya mshazari inayokatizana. Kwa ringi mpya, mikwaruzo hiyo ni tupa. Inashika oili, na wakati huohuo inasaga uso wa ringi mpaka ulingane na ukuta. Kazi hiyo inataka msuguano, na muda wake ni mfupi, kwani ncha zikishalainika nafasi imepita. Oili inayoteleza mno huchelewesha ringi kukaa. Zisipokaa, gesi inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili inapanda juu, na injini uliyoigharamia inatoa moshi wa bluu kama vile hujafanya kitu.

Kwa hiyo anza na oili ya kawaida, isiyo sintetiki wala nusu sintetiki. Uzito ufuate kitabu cha injini. Kwa injini nyingi za zamani za petroli ni 10W-30 au 10W-40, na dizeli nyingi ni 15W-40. Halafu geuza dumu usome mgongoni. Ukiona maneno Resource Conserving sehemu ya chini ya duara la API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, liache: hiyo imetengenezwa kuokoa petroli kwa kupunguza msuguano, na wewe msuguano ndio unaoutaka.

Sasa uliza kemshafti yako, shafti inayofungua valvu, inasukuma tapeti za aina gani. Kama ni za rola, una nafuu. Kama ni tapeti bapa, zile zinazosuguana moja kwa moja na kemu, unahitaji zinki ya kutosha, yaani ZDDP, mchanganyiko wa zinki na fosforasi unaojenga utando pale chuma kinapokandamiza chuma. Tangu daraja la API SM lilipoingia mwaka 2004, oili nyepesi za petroli kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, ili katalisti ya kwenye bomba la moshi isiharibike. Ndiyo maana oili mpya kabisa inaweza kutafuna kemu ya injini ya zamani. Tafuta oili maalumu ya kuzoeshea injini. Ukiikosa, 15W-40 ya dizeli yenye alama ya CI-4 hunitosha. Ila usichukue oili maalumu ukaimiminia tena kichupa cha zinki. Ikizidi nayo inakula chuma.

Kabla ya kuwasha, chomoa plagi, kata moto wa plagi na mafuta, kisha zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Hakikisha pia rejeta imejaa na taiming iko sawa, maana kwa tapeti bapa hutakuwa na muda wa kuhangaika: ikiwaka tu, ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ukiichezesha humo kwa dakika 20 hivi. Usiiache sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Kemu nyingi za aina hiyo hupata oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi kitu cha maana.

Kisha barabarani. Kwenye gia ya tatu panda kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa kwa kukanyaga vizuri, achia ishuke yenyewe, rudia. Mgandamizo wa gesi ndio unaozisukuma ringi ukutani. Kuiendesha kwa unyonge au kwa mwendo mmoja safari nzima hakuisaidii.

Ukirudi, mwaga oili ingali na moto na ubadilishe filta. Ile ya zamani ikate, kunjua karatasi yake juani, pitisha sumaku. Vumbi la kijivu linalometameta ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, au rangi ya shaba, hizo ni metali zinalika. Usiwashe tena mpaka uangalie. Ikiwa safi, weka oili ya kawaida tena, imwage kwenye kilomita 800 hivi, kisha weka nyingine. Sintetiki ije pale kiwango cha oili kwenye dipstiki kitakapoacha kushuka.

Baadhi ya injini za kisasa zina silinda zilizolainishwa zaidi na ringi nyembamba, na mtengenezaji anataka sintetiki tangu mwanzo. Hapo fuata kitabu, si mimi. Na pikipiki ambayo klachi yake inaoga oili ya injini itafutie yenye alama ya JASO MA, la sivyo klachi itateleza.