Binti akiitwa Junior Starlets: tayarisha haya kabla simu haijalia

Tarehe 16 Juni 2024, pale Ulinzi Sports Complex kwenye Barabara ya Lang'ata, Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wa Kenya wasiozidi umri wa miaka 17, waliilaza Burundi 2-0. Mkondo wa kwanza walikuwa wameshinda 3-0, kwa hivyo jumla ikawa 5-0 na vijana wa kocha Mildred Cheche wakakata tiketi ya Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Kabla ya hapo hakuna timu ya kandanda ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufuzu kwa Kombe lolote la Dunia la FIFA. Tangu wakati huo wazazi wa hapa Kayole, Nairobi, wananijia na swali lile lile: wangu naye atafikaje huko?

Mimi ni meneja wa timu ya wasichana mtaani. Sifundishi mpira. Kazi yangu ni vyeti, nauli, barua za shule, maji na dawa ya kuchua. Kipaji namwachia kocha, lakini upande huu mwingine naujua vizuri, na ndio unaowaacha nje wasichana wazuri. Simu ya kambi huja ghafla, na mtoto hutakiwa aripoti kesho kutwa. Anayepanda gari ni yule ambaye karatasi zake, shule yake na mwili wake viko tayari, na matayarisho hayo hufanyika nyumbani, miezi mingi kabla.

Mwaka wa kuzaliwa kwanza

Hesabu ni nyepesi. Chukua mwaka wa fainali, toa 17. Fainali za 2024 zilikuwa za waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2007. Za Morocco mwaka 2025 zilikuwa za waliozaliwa kati ya Januari 1, 2008 na Desemba 31, 2010. Aliyezaliwa mkesha wa mwaka mpya wa 2008 alikosa kwa siku moja, na hakuna wa kumlalamikia.

Hapa kuna habari njema ambayo wazazi wengi hawajaishika. Zamani mashindano haya yalifanyika kila baada ya miaka miwili. Kuanzia 2025 ni kila mwaka, Morocco ikiwa mwenyeji hadi 2029, na timu zimepanda kutoka 16 hadi 24. Afrika ilikuwa na nafasi tatu mwaka 2024. Mwaka uliofuata ikawa na tano, mwenyeji akiwemo. Kwa hesabu hiyo, msichana wa 2010 ana umri unaofaa 2025, 2026 na 2027. Akikosa mara moja, bado ana nafasi nyingine.

Kwa hivyo akija mtu kukuambia "tumpunguzie miaka miwili", mfunge mlango. Cheti kipya kitagongana na kadi ya kliniki, na rekodi za shule, na fomu aliyosajiliwa nayo kwenye ligi. Siku ikijulikana, anayefungiwa ni mtoto, na timu nzima inaweza kuondolewa mashindanoni kwa ajili yake. Sijawahi kuona sababu yoyote ya kumtwika msichana wa miaka 15 mzigo kama huo.

Faili moja, isiyokaa kwa kocha

Nunua faili ya plastiki yenye kifungo. Weka cheti cha kuzaliwa chenyewe, nakala zake, nakala za vitambulisho vya wazazi, picha za paspoti, kadi ya chanjo na ripoti ya shule ya muhula uliopita. Faili ikae nyumbani. Kocha apewe nakala tu.

Sasa keti mezani, weka cheti cha kuzaliwa kando ya ripoti ya shule, usome majina herufi kwa herufi, kidole kikifuata. Majina ndiyo yanayotuchelewesha kuliko kitu kingine chochote. Cheti kimeandika Nafula, shule imeandika Nafuna. Cheti kina majina matatu, fomu ya ligi ina mawili, tena yamegeuzwa. Au mtoto alibatizwa akiwa darasa la nne, jina la kanisani likaingia shuleni bila kuingia kwenye cheti. Kwako huyo ni mtoto yule yule. Kwa afisa aliyeketi dirishani ni watoto wawili. Marekebisho yanachukua muda, na muda huo haupatikani mtoto akishaitwa. Amueni jina moja, lile la cheti, kisha shule na timu zifuate.

Paspoti inaombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, halafu mtoto mwenyewe anafika kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwetu hapa ni ofisi za uhamiaji, Nyayo House. Kwa kuwa hajafika miaka 18, idhini ya mzazi au mlezi lazima iwepo. Wasichana wetu wengi wanalelewa na shosho au shangazi, mama yuko mbali na kazi, baba hajulikani aliko. Kama ndivyo ilivyo kwako, shosho, anza mapema kutafuta karatasi za ulezi. Usingoje mtoto achaguliwe ndipo uulize nani atatia sahihi.

Kuna pia chanjo ya homa ya manjano. Nchi nyingi huitaka kwa msafiri anayetoka Kenya. Cheti chake huanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hivyo kuchanjwa mkesha wa safari hakumsaidii mtu. Uzuri ni kwamba ukishachanjwa, cheti ni cha maisha.

Shule

Fainali za Dominika zilianza Oktoba 16 zikaisha Novemba 3. Mzazi yeyote wa Kenya anajua miezi hiyo ina nini: KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Na mechi za kufuzu zinachezwa nyumbani na ugenini, kwa hivyo kambi huitwa, hufungwa, huitwa tena, muhula ukiendelea.

Nenda shuleni mapema, wewe mwenyewe, ukaonane na mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa michezo. Usimtume mtoto. Waambie: binti yangu anacheza, huenda akaitwa, akiitwa barua rasmi ya shirikisho la kandanda italetwa kwenu, ningependa kujua atafidiaje masomo. Mwalimu aliyeelezwa mwezi Februari huwa mtu tofauti kabisa na mwalimu anayeshtukizwa mwezi Septemba. Tafuta mwenzake mmoja darasani wa kumnakilia notisi. Akiwa kambini, vitabu viwili tu: hisabati, na somo lile linalomsumbua. Begi likijaa vitabu vyote, hafungui hata kimoja.

Aliye kidato cha nne, ketini kama familia muamue mkiwa na ratiba ya mtihani mkononi. Mimi simshauri mtoto yeyote aache mtihani. Wala sikubaliani na mzazi anayetumia mtihani wa mwaka ujao kumzuia asiende kambi ya wiki mbili mwaka huu.

Mwili

Wasichana huumia goti, hasa ile kano ya katikati ya goti (ACL) inayokatika mtu akigeuka au akitua vibaya, mara nyingi kuliko wavulana. Ikikatika, msimu mzima umekwenda. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa 11+: dakika 20 hivi, mbio nyepesi kwanza, kisha nguvu, kuruka na mizani, kisha mbio za kasi. Hayahitaji chombo chochote, hata uwanja wetu wa vumbi unatosha.

Jambo moja unaweza kulikagua mwenyewe hata kama hujui mpira. Mwambie aruke kama anayepiga kichwa, atue kwa miguu yote miwili, abaki hivyo hivyo. Simama mbele yake utazame magoti. Yakiingia ndani yakakaribia kugusana, hapo ndipo hatari ilipo. Goti linatakiwa liwe juu ya vidole vya mguu, limekunjwa, makalio yamerudi nyuma kidogo. Sikiliza pia: akitua kwa kishindo, arudie, akitua kimya, ameelewa. Fanyeni hivyo kila siku kabla ya kunawa na kula.

Chakula sitasema mengi. Managu, terere, ndengu, omena, maini ukiyapata, na kipande cha chungwa au limau kando ili madini ya chuma yashike. Chai ingoje, kwa sababu chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo. Msichana anayepata hedhi na kukimbia kila jioni hupungukiwa damu upesi. Akichoka bila sababu au akiona kizunguzungu, mpeleke kliniki apimwe damu, usimwite mvivu.

Na tuzungumze hedhi bila kuona haya. Begi la kambi liwe na sodo za kutosha na taiti nyeusi za kuvaa ndani ya kaptula, kwa maana hujui atapewa kaptula ya rangi gani. Ajue tarehe zake, aziandike. Nimeona wasichana wakijificha benchi wakisema tumbo linauma, kumbe wanaogopa doa.

Uwanja na penalti

Mtoto aliyezoea vumbi huteleza na kuchunika kwenye nyasi bandia. Mtafutieni nafasi acheze juu yake, Camp Toyoyo pale Jericho au kwingine, akiwa na njumu zenye meno mafupi. Njumu nzuri za mtumba zipo Gikomba. Zijaribu ukiwa na soksi za mpira, si miguu mitupu.

Afanye pia mazoezi ya penalti. Kwenye mashindano ya umri huu hatua ya mtoano haina muda wa ziada. Dakika 90 zikiisha sare, ni matuta moja kwa moja. Fainali ya 2024 iliamuliwa hivyo, Korea Kaskazini na Uhispania 1-1, kisha 4-3.

Usalama

Kuitwa timu ya taifa hakulipiwi. Yeyote anayeomba "kitu kidogo" ili jina liingie ni tapeli, hata kama amevaa jezi. Kabla mtoto hajaondoka, uliza: wanalala wapi? Ni mwanamke gani mtu mzima anayelala nao? Nani mwingine ana namba yangu? Kocha wa kweli hakasiriki ukimuuliza haya. Na nyumbani mpe binti ruhusa iliyo wazi: akiguswa, akitishwa au akiitwa chumbani peke yake, apige simu saa yoyote na hakuna atakayemlaumu kwa kupoteza nafasi.

Akienda, na akirudi

Mweleze atakachokutana nacho. Kule Dominika wetu walifungwa 2-0 na Uingereza, wakafungwa 3-0 na Korea Kaskazini waliokuja kuwa mabingwa, kisha wakasimama wakaichapa Mexico 2-1. Majirani zetu Serengeti Girls wa Tanzania walifika robo fainali India mwaka 2022. Mwonyeshe marudio ya mechi hizo, hasa ile ya Mexico, azione nyuso za wasichana waliofungwa mara mbili na bado wanakimbia.

Saa za Morocco ziko nyuma yetu kwa saa mbili. Mechi inayoanza saa kumi jioni kwao, kwetu ni saa kumi na mbili. Panga wadogo zake waione, na jirani asiye na runinga aitwe.

Akirudi, mpe siku mbili za kulala, kisha mpeleke shuleni wewe mwenyewe ukiwa na barua ya shirikisho mkononi, mpange na mwalimu tarehe za mitihani ya darasa aliyokosa. Na faili irudi palepale ilipokuwa.